Mwenye Kumpa Mshale Mpigaji: Dhamana ya Fundi wa Silaha na Mchukuzi Wake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha Nabii Daudi kazi ya chuma na akakilainisha chuma mikononi mwake. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Liko suala ambalo huzuka barazani kila inapotajwa khabari ya vita, nalo ni hili: mtu aliyekaa nyuma ya jeshi akisafisha kasiba za bunduki na kuzitia mafuta, au aliyechukua masanduku ya risasi kichwani kutoka mto hata mto, wala maisha yake hakuwahi kufyatua hata risasi moja, je, ana fungu lolote katika damu iliyomwagika? Na kama vita vile vilikuwa vya haki, je, ana fungu katika thawabu zake? Wengi hujibu kwa upesi kwamba chuma ni chuma, na mwenye kukisafisha hana tafauti na mwenye kusafisha sufuria. Dhambi ni ya kidole kilichovuta. Jibu hili ni jepesi, nalo hupendwa kwa sababu linamwondolea kila mtu mzigo isipokuwa mmoja. Lakini mwenye kupima mambo kwa mizani ya sharia ataona kuwa halisimami.

Dalili ya kwanza ni Hadithi ya mshale, iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi na wengineo. Maana yake ni kwamba kwa mshale mmoja Mwenyezi Mungu huwatia peponi watu watatu: aliyeuchonga akikusudia kheri katika kuuchonga kwake, na aliyeutupa, na aliyempa mtupaji. Wanavyuoni wamemweleza huyu wa tatu kwa njia mbili. Wamesema kuwa ni yule asimamaye ubavuni mwa mpigaji akimpokeza mshale baada ya mshale, na wamesema pia kuwa ni yule aiendeaye mishale iliyokwisha tupwa, akaiokota na kuirejesha. Kwa lugha ya majeshi ya zamani hizi, huyo ni mtu wa bohari na mchukuzi wa risasi. Basi ikiwa mtu huyu amehesabiwa katika thawabu, hapana njia ya kumtoa katika dhambi pale mshale unapotupwa kwa dhulma. Mlango ulio wazi kwa kuingia hauwi ukuta kwa kutoka.

Na katika Hadithi hiyo liko neno moja ambalo wasomaji wengi hulipita mbio. Mpigaji hakuwekewa sharti ya niya kwa kutajwa, na mpokezaji vivyo hivyo, ijapokuwa niya ni sharti ya kila amali. Lakini fundi ametajiwa niya yake waziwazi, ya kwamba awe amekusudia kheri katika kazi yake. Huenda sababu ni kuwa fundi yu mbali zaidi na vita. Mpigaji amuona adui yake, na mpokezaji amuona mpigaji, walakin fundi haoni ila mti na chuma na ujira wa mwisho wa mwezi; naye ndiye aliye karibu zaidi na kusahau kuwa kazi yake ina mwisho wake.

Khabari ya Nabii Daudi, iliyo katika Sura ya Saba na katika Sura ya Anbiya, yaeleza jambo lilo hilo kwa upande mwingine. Alichofundishwa ni kufuma deraya, yaani vazi la kumlinda mtu na silaha ya mwenziwe. Akaamrishwa kuzifanya pana na kuzipima pete zake sawasawa, na papo hapo ikafuata amri ya kutenda mema na onyo kwamba Mungu ayaona yatendwayo. Hazikutenganishwa amri mbili hizi. Kupima pete vyema ni ibada ya mkono, lakini mkono haukuachwa peke yake.

Wanavyuoni wa Kishafii hawakuyaacha haya katika mawaidha tu, wameyatia katika hukumu za biashara. Imam Nawawi katika kitabu chake cha Minhaj, ambacho husomwa katika darsa za pwani yote, amesema kuwa kumuuzia silaha mtu wa nchi yenye vita na Waislamu ni kuuza kusikosihi, na akataja pia katika yaliyokatazwa kuwauzia tende mbivu na zabibu wenye kukamua ulevi. Zabibu ni halali, na upanga ni halali. Kilichoharibu ni kule kujua kwa muuzaji kitakachofanywa. Basi ujuzi umo katika hesabu pamoja na mkono.

Haya yote ni rahisi kuyasema ikiwa vita ni vya watu wawili uwanjani. Yafaa yapimwe kwa vita vyenyewe vilivyopita katika nchi hizi, vita vya 1914 hata 1918 baina ya Wajerumani na Waingereza, ambavyo Waislamu walikuwa katika pande zote mbili. Sultani wa Uturuki alitangaza jihadi mwezi wa Novemba 1914, na Wajerumani wakaieneza khabari hiyo kwa Waislamu wa nchi yao. Na huku upande wa Waingereza walikuwako askari Waislamu wa King's African Rifles, na majeshi ya Kibaluchi yaliyoletwa kutoka Bara Hindi. Waliopigana walisali kuelekea kibla kimoja, na bunduki zao ziliungwa na mafundi wa Ulaya ambao hawakukijua kibla hicho.

Vita vilipoanza, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani zilikuwa na bunduki ya namna ya mwaka 1871, ambayo hutiwa risasi moja moja na hutumia baruti nyeusi. Kila ilipolia ilitoa wingu la moshi mweupe, na adui akajua papo hapo mpigaji yuko kichaka gani. Tena baruti nyeusi huacha ndani ya kasiba masizi yenye chumvi, na chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa. Bunduki isipooshwa kwa maji, ikakaushwa na kutiwa mafuta siku ile ile, kasiba huanza kuliwa na kutu, na kwa hewa ya pwani haichukui siku nyingi. Kila jioni askari aliyechoka alikuwa na kazi hii kabla ya kulala. Asiyeifanya hakuonekana kosa lake usiku ule, wala kesho yake. Lilionekana siku ya shida, na pengine mwenye kulilipa alikuwa ni aliyelala ubavuni mwake.

Katika vita vya Tanga, mwanzo wa Novemba 1914, jeshi la Waingereza lililoshushwa kutoka marikabuni lilishindwa na kurudi baharini, likaacha ufukoni bunduki mpya kadiri ya kutosha kampuni tatu na zaidi, na bombomu 16, na risasi 600,000, kwa hesabu ya jemadari wa Kijerumani mwenyewe, von Lettow-Vorbeck. Bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Kiingereza, na Ulaya ilikuwa mbali. Tangu hapo jeshi lile likawa likitazamia sana ghala za adui wake.

Msaada wa Ulaya uliwafikia mara mbili tu. Mara ya kwanza ilikuwa Aprili 1915, marikabu Rubens ilipokuja kwa bendera ya Denmark na jina la uongo la Kronborg, ikakimbilia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, huku manowari Hyacinth ikiipiga mizinga. Nahodha wake aliitia maji makusudi ikakaa chini katika maji machache, na juu ikawaka moto, hata Waingereza wakadhani imekwisha. Wapiga mbizi na wachukuzi wakatoa shehena yake: bunduki za namna ya mwaka 1898 na mamilioni ya risasi. Lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari.

Hapa yafaa kusimama kidogo, kwani kazi iliyofuata ndiyo kiini cha suala lote. Risasi ina sehemu nne: ganda la shaba, na baruti ndani yake, na kipande cha risasi mbele, na fataki ndogo nyuma ambayo pini ya mtambo huigonga ili kuwasha. Maji ya chumvi yakipenya, baruti huharibika, na fataki huota kutu. Mtu huvuta, pini hugonga, na hapana litokalo. Basi risasi zile zilifunguliwa, baruti ikasafishwa na kukaushwa, fataki nyingine zikabadilishwa, kisha zikafungwa tena. Wakazijaribu fungu kwa fungu, na zile zilizotiliwa shaka zaidi zikatengwa kwa mazoezi. Fikiri mtu aliyekaa mbele ya meza ile. Ganda bovu na ganda zima yanafanana. Akichoka, au akisinzia, au akisema moyoni kwamba moja haidhuru, hatajua kamwe ni nani aliyesimama mbele ya adui akavuta na kusikia mlio mdogo wa pini. Mpigaji amewekewa macho ya kumuona mtu aliyemuua. Fundi hakuwekewa, naye atakwenda mbele ya Mola wake na hesabu asiyoijua idadi yake.

Lakini hapa hutokea mwenye kuuliza, na suala lake ni zito. Husema: ikiwa fundi ameona kuwa vita hivi ni vya dhulma, wageni wawili wanagombea nchi ya watu, je, si afadhali azifunge fataki vibaya makusudi, ili ubatili udhoofike? Kwa kutazama upesi ni kana kwamba amepata. Lakini askari aliyeichukua risasi ile aliitegemea roho yake kwa neno la fundi, na fundi amempa neno hilo kwa kuifunga na kuitia sandukuni kana kwamba ni nzima. Huo ni ukhaini, na ukhaini hausafishwi na ubaya wa yule afanyiwaye. Mtume (s.a.w.) alipohama Makka, makafiri wale wale waliokusudia kumuua walikuwa wameweka amana zao kwake, naye alimwacha Sayyidna Ali nyuma azirejeshe kila moja kwa mwenyewe. Aliwaacha waziwazi, wala hakuwaibia. Njia ya fundi aliyeona dhulma ni kuinuka mezani akasema sifanyi, na kuyapokea yatakayompata. Kukaa mezani na kudanganya ni jambo la tatu, lisilo utiifu wala uasi.

Bila shaka ni rahisi kuinuka mezani katika karatasi. Katika jeshi lililo vitani mwenye kusema sifanyi hufungwa, na pengine hupigwa risasi, tena kwa risasi aliyoifunga yeye. Kwa hiyo wanavyuoni wamepambanua baina ya mwenye kukhiari na mwenye kulazimishwa, na upambanuzi huu utarejewa mbele, kwa wachukuzi, ambao haki yao ni kubwa kuliko ya fundi.

Liko jambo jingine la kustaajabisha katika khabari ya silaha, nalo ni kuwa silaha haina bwana. Mwenye kuuza upanga hudhani anaijua shingo utakakoishia. Mwaka 1917 jeshi la Kijerumani, limeishiwa na risasi, lilivuka mto wa Ruvuma na kuishambulia kambi ya Wareno huko Ngomano, tarehe 25 Novemba; likapata bunduki na risasi, na sehemu kubwa ya jeshi ikabadilishiwa silaha. Mwezi wa Julai 1918 wakapata nyingine huko Namacurra, za Kireno na za Kiingereza. Kila namna ya bunduki yataka risasi zake: ile ya 1871 ina tundu la milimita 11, ya 1898 ina kasoro ya 8, ya Kiingereza ni 7.7, na bunduki mpya za Wareno zilikuwa za 6.5. Risasi ya moja haiingii katika nyingine, na bunduki iliyokosa risasi yake ni gongo. Kwa hiyo bunduki za Kijerumani ziliachwa moja baada ya moja, zikashikwa za adui. Jeshi lile lilipoweka silaha chini huko Abercorn, ambako leo ni Mbala katika nchi ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, liliweka bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno, na bombomu 37, na risasi 208,000. Bunduki mpya ya Kijerumani haikuwamo hata moja.

Fundi wa Uingereza aliyeifunga risasi mwaka 1916 kwa kuitumikia nchi yake, pengine risasi yake ilimuua askari wa nchi hiyo hiyo. Na bunduki ya Kireno ya mwaka 1904 ilikuwa imetengenezwa Berlin, ikauzwa kwa serikali ya Lisbon wakati wa amani kwa fedha halali; miaka kumi na mbili baadaye Wajerumani na Wareno wakawa maadui. Yule aliyesema kuwa fundi hana lawama kwa kuwa hajui mwisho wa kazi yake ataishika khabari hii kuwa hoja. Walakin yafaa kugeuzwa. Aliyeuza kisu sokoni kwa mtu asiyemjua ana udhuru. Lakini mwenye kuuza bunduki elfu anajua kuwa zitaua, asilolijua ni nani tu. Ujinga wa jina la maiti si ujinga wa mauti. Ndiyo maana Mtume (s.a.w.) aliamrisha hata katika wakati wa amani kwamba apitaye na mishale msikitini au sokoni aishike ncha zake, na akakataza upanga kupokezwa mtu hali umetoka alani. Kama mkono wa kupokeza umewekewa adabu baina ya marafiki, hauachwi huru baina ya wageni.

Sasa wachukuzi. Nchi ile haikuwa na njia za gari ila kidogo, na punda na farasi walikufa kwa mbung'o. Basi kila risasi iliyolia mbali na reli ilifika pale juu ya kichwa cha mtu. Mzigo ulikuwa kama ratili 50. Risasi za Kiingereza zipatazo 900 zatimiza uzito huo, bila kuhesabu sanduku. Bombomu hutapika kama risasi 500 kwa dakika moja. Mtu alitembea kwa miezi, akivuka mabwawa ya Rufiji kwa miguu mitupu, na mzigo wake ukaisha kwa muda wa kusoma Fatiha mara chache. Na mwenyewe alikuwa hana budi kula: kwa ratili mbili za unga kila siku, mchukuzi wa chakula humaliza mzigo wake mwenyewe kwa siku 25. Kwa hiyo nyuma ya kila mchukuzi wa risasi walihitajiwa wachukuzi wa kumlisha, na nyuma yao wengine. Hesabu ya namna hii haina mwisho ila watu kupungua, nao walipungua. Serikali ya Kiingereza iliandika vifo zaidi ya 40,000 vya wachukuzi wake, na watafiti waliokuja baadaye wamekadiria hata kukaribia 100,000. Waliowaua zaidi ni tumbo la kuhara, na homa, na njaa. Kwa upande wa Wajerumani hesabu kamili haikuwekwa. Mtaa wa Kariakoo wa Dar es Salaam ulipata jina lake kwa kambi ya wachukuzi hao wa Waingereza, na wapitao humo kununua nyanya na vitambaa hawakumbuki.

Je, hawa nao wamo katika Hadithi ya mshale, kwa upande wa dhambi? Sheria ya mwaka 1915 katika nchi ambayo sasa ni Kenya iliruhusu kuwaandika kwa nguvu, na katika mwaka 1917 walikusanywa kwa maelfu, vijiji vikabaki na wanawake na wazee. Wajerumani nao walichukua watu kila walikopita. Mwenye kutiwa kamba hana niya ya kuulizwa. Ni kweli kwamba wanavyuoni wameafikiana kuwa kulazimishwa hakumhalalishii mtu kumuua mwenziwe kwa mkono wake, kwani roho yake haina ubora kuliko roho ya yule. Lakini kubeba sanduku si kuua, na baina ya sanduku na mauti mna mikono mingi yenye khiari. Dhambi humrudia mwenye kulazimisha. Tena humrudia mara mbili: kwa aliyeuawa na risasi, na kwa aliyekufa njiani chini yake.

Na hapa khabari ya Safwan bin Umayya ndiyo ya kutolea hukumu. Mwaka wa 8 wa Hijra, kabla ya vita vya Hunayn, Mtume (s.a.w.) alihitaji deraya, na Safwan alikuwa nazo, naye bado ni mshirikina aliyekwisha shindwa mjini kwake. Zingeweza kuchukuliwa kwa nguvu. Safwan mwenyewe aliuliza kama ananyang'anywa, akajibiwa kuwa ni azima yenye dhamana. Vita vilipokwisha zikaonekana zimepungua, na Mtume akataka kumlipa zilizopotea. Safwan ndiye aliyesamehe, kwa kuwa moyo wake ulikuwa umekwisha ingia Uislamu. Huyu ni mshindi akidaiwa pete za chuma na mshindwa, na akikiri deni.

Waliochukua watu badala ya deraya hawakufanya hivyo. Mchukuzi wa Waingereza aliandikiwa mshahara, mdogo kuliko wa askari, na wengi walikufa kabla ya kuupokea. Majina yaliandikwa vibaya na makarani wasiojua lugha za bara, vijiji vikachanganywa, na warithi hawakujua pa kwenda kudai. Fedha zile zikabaki mikononi mwa serikali. Askari alijengewa sanamu ya shaba Dar es Salaam mwaka 1927, ameinamisha singe yake kuelekea bandarini, na mchukuzi hayumo ndani yake. Nairobi alau amesimamishwa pamoja na wenziwe.

Hukumu ya fedha hizo katika sharia haina khitilafu. Ujira ni haki ya aliyefanya kazi, akifa ni wa warithi wake, wala haufutwi na urefu wa miaka. Asipojulikana mrithi, mali huenda Baitul-mali itumike kwa maslaha ya watu, wala haiwi ya mdaiwa. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.